Magoti ya mama na vichochoro vya Fes

SWALI: Desemba tunakwenda Fes, Morocco, kwa siku nne: mimi, binti yangu, na mama yangu wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua. Tumeona picha za riad, zile nyumba za kale zinazolaza wageni, ndani ya mji wa kale, zinavutia na bei si mbaya. Kaka yangu anasema tulale hoteli ya kawaida mji mpya. Tufuate lipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, picha ziweke kando kwanza. Fes el-Bali, huo mji wa kale, vichochoro vyake havipitiki kwa gari. Mizigo huenda kwa mkokoteni au juu ya nyumbu, na ukisikia "balak!" nyuma yako, jibane ukutani. Kwa hiyo, kabla ya bei, mwulize mwenye nyumba: gari litatushusha wapi? Kutoka hapo hadi mlangoni ni mita ngapi, na ni kupanda au kushuka? Taka jibu la maandishi. Niliwahi kupeleka wageni kwenye nyumba iliyotuahidi "dakika tano". Kumbe zilikuwa dakika tano za kijana wa pale asiye na begi. Sisi tulitumia robo saa na ushei, na mzee wetu mmoja aliketi njiani mara mbili.

Mji wenyewe umelala bondeni. Wageni wengi hupanga karibu na lango la Bab Bou Jeloud, juu, kwa kuwa ndilo maarufu. Kutoka hapo njia mbili kuu, Talaa Kebira na Talaa Sghira, huteremka hadi msikiti wa Qarawiyyin. Kushuka ni raha, lakini talaa maana yake ni kupanda, na jioni ndipo magoti yatakapolielewa jina hilo. Ningekuwa mimi, ningetafuta kwanza upande wa uwanja wa R'cif, kule chini, ambako teksi hufika. Hapo Qarawiyyin, ulioanzishwa mwaka 859, uko karibu, na kama mama ni Mwislamu ataingia kusali (wasio Waislamu huishia mlangoni). Ukikosa R'cif, tafuta karibu na uwanja wa Batha, ambako gari pia linafika. Ila usilale jirani na Chouara, penye mapipa ya kulowekea ngozi. Chokaa na kinyesi cha njiwa havina adabu upepo ukigeuka.

Sasa nyumba yenyewe. Riad ni neno lile lile la Msikiti wa Riyadha wa Lamu, yaani bustani, na riad ya kweli ina bustani katikati ya ua. Nyingi zinazotangazwa hivyo ni dar tu, nyumba yenye ua usio na bustani. Hilo lisikuudhi, dar nzuri ni nzuri. Aliyewahi kulala nyumba ya kale ya Lamu au Mji Mkongwe atauelewa mpangilio: kuta nene, nje hakuna cha kutazama, madirisha yote yanaangalia uani. Hivyo chumba cha chini hupata mwanga hafifu na hukusanya kelele za kila anayekunywa chai uani. Kwa mama, chukua hicho hicho. Ngazi za nyumba hizi zimesimama, vipandio ni virefu na vya vigae, na lifti ni nadra. Usikubali "chumba cha chini mkifika tutaona", kiandikwe kwenye nafasi mliyolipia.

Mtu wa Tanga akisikia Morocco huwaza jangwa. Usiku wa Desemba Fes hushuka hadi nyuzi 5 hivi, na ua ulio wazi hauhifadhi joto. Uliza kama kiyoyozi cha chumbani kinatoa joto pia, na kama ua hufunikwa wakati wa baridi. Uliza vilevile kama bafu lina mlango. Kuna vyumba ambavyo bafu limetengwa kwa pazia.

Kaka yako hajakosea. Hoteli za mji mpya zina lifti, stesheni ya treni iko upande huo, na teksi ndogo nyekundu zitawapeleka Batha au R'cif. Lakini teksi hizo hazichukui zaidi ya abiria watatu, kwa hiyo mkiongeza mtu mtahitaji mbili. Ukikosa chumba cha chini karibu na gari, mfuate kaka bila kinyongo. Mkipata R'cif, siku ya kwenda Bou Jeloud pandeni teksi hadi Batha. Karibu na lango kuna madrasa ya Bou Inania, ya Sultani Abu Inan, ndiye aliyeagiza safari za msafiri Ibn Battuta ziandikwe, zikiwemo habari za Mombasa na Kilwa za mwaka 1331. Binti ataipenda, na mama hatakuwa amepanda mlima.

Kodi ya utalii hutozwa kwa kichwa kwa kila usiku, na aghalabu hulipwa pale pale kwa dirham, nje ya bei mliyoiona. Chakula cha jioni kiagizeni asubuhi. Na mkifika usiku, mwenye nyumba atume mtu awapokee gari linapoishia, kwa ada mliyokubaliana mapema, kwa sababu ramani ya simu hupotea kati ya zile kuta.