Mbuzi wa mama wasiuzwe kwanza

Dada yangu wa Malindi, nimekuelewa: mdogo wako wa bodaboda anabeti, jioni hana hesabu, yaani pesa ya siku, ya mwenye pikipiki, na mama anataka kuuza mbuzi ampe pesa alipe madeni. Umeuliza kama kumwonyesha filamu ya The Gambler ya 1974 kutasaidia.

Mwonyeshe, ila mama naye atazame. Yule mwalimu anayeigizwa na James Caan anadaiwa dola 44,000. Mama yake anahangaika kuzipata, anampa mkononi, naye anakwenda nazo Las Vegas kucheza kamari. Nyinyi mnataka kufanya yaleyale, tofauti ni mbuzi tu.

Keti naye mfungue taarifa yake ya M-Pesa ya miezi 6, mjumlishe malipo yote ya kubeti na mikopo ya simu. Jumla hiyo humshtua hata mwenyewe. Mkiamua kusaidia, mlipeni mdai moja kwa moja. Msimtumie kwenye simu: akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likipungua, hela ikiingia inakatwa papo hapo, kisha anakopa tena na kuweka mkeka (tiketi ya kubeti) mwingine. Aombe Fuliza ifungwe, na kila kampuni ya kubeti imfungie akaunti. Hesabu ya pikipiki aikabidhi kabla ya mechi za usiku.

Wiki za kwanza atakuwa mkali na atadanganya, hilo litegemeeni. Lakini akianza kusema afadhali afe, msingoje: mpelekeni hospitali ya Malindi siku hiyohiyo, muombe mshauri nasaha, na asiachwe peke yake.