Kidole cha chura ndani ya spiriti: maswali yenu kuhusu vinasaba vya wanyama wa Tanga

Maswali yametoka Lushoto, Muheza, Pangani na Tanga mjini. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shikamooni. Kinyonga wa pembe mbili wa Amani na huyu wetu wa Lushoto, sisi tunaona ni mmoja. Mbona mnawapa majina tofauti? (Msomaji, Lushoto)

Marahaba. Hadi 2008 hata wataalamu walimwita mmoja, Kinyongia fischeri. Hilo jina la kwanza, kama unavyoona, ni kinyonga wetu aliyevalishwa Kilatini. Mwaka huo vinasaba vililinganishwa pamoja na pembe na magamba, na kundi likagawanywa. Fischeri mwenyewe akabaki milima ya Nguru na Nguu. Wa Usambara Magharibi ni K. multituberculata. Usambara Mashariki kuna wawili, K. matschiei na K. vosseleri. Bonde la Lwengera basi hulivuka upesi tu, lakini kwa kinyonga wa msitu wa milimani ni kama bahari.

Faida yake huonekana pale vinyonga wanapokamatwa kwa walanguzi. Kuwaachia katika msitu wowote ulio karibu ni kosa kubwa. Kwanza pangusa mdomo wa kila mmoja kwa kijiti cha pamba, maabara ilinganishe. Kipande kifupi cha vinasaba vya mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, mara nyingi hutosha kuonyesha mlima aliotoka. Ila mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake: chotara ambaye mama yake ni wa Lushoto atasomeka Mlushoto kamili. Ukishuku uchotara, agiza na jeni za kiini cha seli zisomwe.

Tuliokota chura aliyekanyagwa na gari tukamweka kwenye spiriti ya dukani. Maabara imesema vinasaba vimeharibika. Tulikosea wapi? (Kikundi cha mazingira, Muheza)

Inaelekea mlikosea mara tatu, na hakuna hata kosa moja la ajabu. Spiriti ya dukani ina maji na viongezwa, na nguvu yake hamuijui. Inayotakiwa ni ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ile ya 70 huua vijidudu vizuri, lakini maji yaliyomo huviachia vimeng'enya, yaani protini za mwili zinazovunjavunja vitu, nafasi ya kuendelea kukatakata vinasaba. La pili, mlitumbukiza chura mzima. Ethanoli haifiki ndani upesi, hivyo tumbo huoza huku ngozi ikionekana safi. Kata nyama ya paja au ini, kiasi cha punje ya mchele, uiweke kwenye kichupa cha mililita 2, ethanoli iwe mara kumi ya nyama. Baada ya saa 24 mwaga, weka mpya, kwa sababu ile ya kwanza imeshavuta maji ya nyama. La tatu ni joto: kichupa kisikae ndani ya gari juani.

Fomalini msiiguse kabisa. Hufunga vinasaba na protini pamoja na kuvivunja vipande.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu na iingie ndani ya kichupa. Ethanoli huyeyusha wino wa kalamu nyingi, na sampuli isiyo na mahali ni takataka. Viwianishi vya GPS viwe na desimali tano, maana desimali nne tayari zinakupa utata wa mita kumi na moja hivi.

Kwa chura aliye hai, vaa glavu mpya kwa kila mmoja. Ukitafuta kuvu ya ngozi ya vyura, kiwango kinachotumika sana ni mipanguso 30: mitano kila ubavu wa tumbo, mitano kila paja, mitano kila wayo wa nyuma. Glavu moja kwa vyura wawili huhamisha ugonjwa, kisha majibu yanakuonyesha wote wanaumwa. Kibali huja kabla ya haya yote. Kinyonga akiwa kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kipande cha kidole chake hakivuki mpaka bila karatasi.

Je, maji ya mto Zigi yanaweza kutuambia vyura waliopo bila kuwakamata? (Mwanafunzi, Tanga mjini)

Yanaweza, ila msidai mengi kupita uwezo wake. Chuja lita moja hadi mbili kwa kichujio cha mikroni 0.45, ukitumia bomba kubwa la sindano. Anza chini ya mto ukipanda, ili miguu yako isivuruge maji utakayochota. Chukua sampuli tatu kila kituo, na moja ya maji safi ya chupa iliyochujwa papo hapo. Hiyo ya mwisho watu huiruka kwa uvivu, kumbe ndiyo inayofichua uchafu wa mikono yako. Baada ya mvua tope huziba kichujio mapema. Usilazimishe, andika kiasi kilichopita, uweke kichujio kingine.

Maji yenye rangi ya chai yana tindikali za majani yaliyooza, nazo huzuia vinasaba kuzidishwa maabara. Jibu likija "hakuna", agiza sampuli izimuliwe mara kumi irudiwe kabla hujaamini. Na "yupo" maana yake ni kwamba yupo mahali fulani huko juu: vinasaba husafiri na mkondo. Idadi kamili hutaipata, wala kujua kama yu hai. Aina ambayo hakuna aliyewahi kuisoma na kuihifadhi kwenye hazina ya kulinganishia, mashine haitaitaja kwa jina hata kama mto umejaa.

Vifaranga vya kasa: vinasaba vitatuambia dume ni yupi? (Pangani)

Hapana. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Karibu na nyuzi 29 huwa mchanganyiko, juu ya hapo majike huzidi. Vinasaba vya vifaranga waliokufa shimoni vitakuambia jambo jingine zuri: kundi la mama lilikotoka, na kama baba ni mmoja au zaidi.

Kundi dogo likidhoofika, si tulete tu wengine kutoka mbali? (Muheza)

Imewahi kufaulu. Huko Smygehuk, Uswidi, nyoka waliobaki walikuwa wakizaa watoto wengi wafu. Madume 20 kutoka kundi kubwa yaliletwa 1992, yakaachwa misimu minne ya kupandana, na kundi likafufuka. Lakini hao walikuwa aina moja. Rudi kwenye jibu la Lushoto: ukimpeleka kinyonga wa Usambara Magharibi kule Amani, Usambara Mashariki, kwa jina la damu mpya, utakuwa umefuta aina badala ya kuiokoa. Pima kwanza. Ukisoma maelfu ya alama za jenomu, yaani sehemu za vinasaba zinazotofautiana kati ya mnyama na mnyama, wanyama kumi kila kundi huweza kutosha. Ukitumia alama chache, tafuta 20 hadi 30.

Silikanti, yule samaki wa kale, akinaswa kwenye jarife? (Mvuvi, Tanga)

Ita watu wa hifadhi ya bahari, na kipande cha pezi kiingie kwenye ethanoli siku hiyohiyo. Utafiti wa 2011 ulionyesha silikanti wa kaskazini mwa pwani yetu wana vinasaba tofauti na wa Komoro, kwa hiyo anayekufa hapa usitegemee wa kule kuja kuziba pengo.

Na ngozi aliyojivua nyoka? (Pangani)

Inafaa. Bahasha ya karatasi yenye silika kavu, kamwe si mfuko wa plastiki: unyevu huleta ukungu, na maabara itasoma ukungu.