Tundu la mkono linaloshuka kwa wateja wa kifua kikubwa: kosa la fundi au la patani ya Kijapani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tanga. Kwa miaka kadhaa nimechora blauzi kwa patani ya msingi ya Kijapani, ile ya mtindo wa shule ya ushonaji ya Bunka, ambayo tulipewa nakala yake tulipokuwa tunajifunza. Inataka kifua, kiuno na urefu wa mgongo tu. Kina cha tundu la mkono ni kifua gawa kwa 6, jumlisha sentimita 7. Nusu ya upana wa mgongo ni kifua gawa kwa 6, jumlisha 4.5. Wateja wenye kifua cha 84 hadi 90 hawajawahi kulalamika. Lakini mteja wa kifua cha 104 nikimshonea blauzi ya kitenge, kitambaa kinajaa mgongoni, tundu la mkono linashuka, na akiinua mkono blauzi nzima inapanda. Nimeukata mkono upya mara mbili bila mafanikio. Je, kosa ni langu? Na kwa nini Wajapani walitosheka na kifua peke yake?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umechora sawasawa, kosa limo ndani ya hesabu yenyewe, na mkono uliouhangaikia haukuwa na hatia. Chukua karatasi tuifanye pamoja. Kwa kifua cha 84, hesabu yako inatoa kina cha sentimita 21 kutoka kwenye mfupa wa shingo nyuma, na nusu ya mgongo ya 18.5. Kwa kifua cha 104, kina kinafika 24.3 na nusu ya mgongo 21.8. Maana yake fomula inaamini kwamba mwanamke aliyeongezeka sentimita 20 kifuani ameshusha kwapa lake zaidi ya sentimita 3 na kupanua mgongo wake mzima karibu sentimita 7. Wewe unayewapima wateja kila siku unajua kwamba mwili haukui hivyo. Mifupa ya mabega haifuati unene. Nyama huongezeka zaidi mbele na ubavuni, huku kwapa likibaki karibu palepale.

Shule ya Bunka yenyewe iliiona kasoro hii, na karibu na mwaka 2000 ikatoa patani mpya ya msingi. Humo kina cha tundu la mkono ni kifua gawa kwa 12, jumlisha 13.7; nusu ya mgongo ni kifua gawa kwa 8, jumlisha 7.4, nusu ya upana wa mbele ni kifua gawa kwa 8, jumlisha 6.2, na upana wa nusu mwili ni nusu ya kifua jumlisha 6, badala ya 5 ya zamani. Kwa kifua cha 84, kina kinakuwa 20.7, tofauti ndogo mno na ile uliyoizoea, ndiyo maana wateja wako wembamba hawakukushtua. Kwa kifua cha 104 kinakuwa 22.4, karibu sentimita 2 juu ya ulipokuwa ukikata, na nusu ya mgongo inakuwa 20.4.

Sasa angalia nafasi inayobaki kati ya mgongo na mbele, yaani upana wa tundu la mkono lenyewe, kwa sababu hapa ndipo penye siri yote. Katika hesabu ya zamani, kwa kifua cha 104, nusu mwili ni 57. Ukitoa mgongo 21.8 na mbele 20.3, kwapa linabakiwa na 14.9. Katika hesabu mpya nusu mwili ni 58, ukitoa 20.4 na 19.2, linabakiwa na 18.4. Kwapa limepata sentimita tatu na nusu zaidi: mbili na nusu zimehamishwa kutoka mgongoni na mbele, ambako hazikuwa na kazi, na moja imeongezwa kwenye nusu mwili, zote zikapelekwa ubavuni, kwenye unene halisi wa mwili. Blauzi yako ilikuwa na kitambaa cha kutosha, ila kilikaa mgongoni wakati mwili ulikihitaji chini ya mkono.

Kuhusu kifua peke yake, jibu lake ni historia ya wanawake wenyewe waliojifunza kushona. Katika enzi ya Meiji, iliyoanza mwaka 1868, mwanamke wa Japani alitarajiwa kujua sindano tangu utotoni, lakini nguo aliyoishona haikuwa na tundu la mkono la mviringo. Kimono hukatwa kutoka jora jembamba, upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi, kwa mikato iliyonyooka mpaka vinapatikana vipande vinane vya mstatili: viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vya kuongezea upana wa mbele, na viwili vya ukosi. Hakitupwi kitu. Ziada hukunjwa ndani ya mshono, na nguo ikihitaji kufuliwa vizuri hufumuliwa yote, vipande vikafuliwa, vikatiwa wanga na kuwambwa juu ya ubao, kisha vikashonwa upya kwa mkono. Hata kipimo cha kitambaa kilikuwa chake, kujirajaku, yaani shaku ya nyangumi, karibu sentimita 37.9, tofauti na shaku ya seremala ya sentimita 30.3. Tofauti ya unene kati ya mtu na mtu ilimalizwa kwenye mikunjo ya ndani na wakati wa kujifunga mkanda. Sisi watu wa pwani tuliolelewa na kanga tunaielewa haraka nguo inayopata umbo mwilini mwa mvaaji.

Ushonaji huo ulifundishwa kwa kuelekezwa mmoja mmoja, mpaka watu kama Watanabe Tatsugorō, aliyefungua shule yake Tokyo mwaka 1881, walipoanza kuufundisha kwa darasa zima kwa wakati mmoja. Shule hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Tokyo Kasei. Wanafunzi wake walishona hinagata, nguo ndogo za mfano zenye kila mshono wa nguo kamili, ili wajifunze bila kumaliza kitambaa ghali. Zaidi ya 2,000 zimehifadhiwa hadi leo, na serikali ya Japani imezitambua kuwa urithi wa taifa. Kila ninapoona picha zake huguswa na subira ya wasichana wale: ukosi usiozidi upana wa kidole, umepinduliwa na kufichwa uzi kama wa nguo ya mtu mzima.

Nguo za kimagharibi zikaja na mikato ya mviringo. Kampuni ya Singer, iliyokuwa ikiuza vyerehani kwa malipo ya awamu, ilifungua shule ya wanawake Tokyo mwaka 1906. Bunka ilichipuka kutoka darasa la Namiki Isaburō la mwaka 1919, akisaidiwa na Endō Masajirō aliyewahi kuwa muuzaji wa Singer, na mwaka 1923 ikatambuliwa rasmi. Sugino Yoshiko akafungua shule yake ya Dressmaker Jogakuin mwaka 1926, na mwaka 1936 Bunka ikaanza kutoa jarida la Sōen. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia shule hizi zilijaa kuliko wakati wowote: kitambaa kilikuwa adimu, wanawake wakafumua kimono za akiba na kuzigeuza magauni, na wajane wengi walishika cherehani nyumbani kulea watoto kwa malipo ya kipande.

Fikiria basi mwalimu mbele ya ubao na darasa limejaa, au msomaji wa jarida aliye peke yake nyumbani, hana wa kumpima mgongo. Wajapani walikuwa na njia mbili za kuchora: tansunshiki, inayopima sehemu nyingi za mwili moja moja, na kyodoshiki, inayokadiria zote kutoka kifuani. Kwa maoni yangu, kyodoshiki ilishinda madarasani kwa sababu kifua ni kipimo ambacho hata anayeanza hakosei, na fomula moja iliweza kuandikwa ubaoni kwa wote. Iliwafungulia mlango wanawake wengi ambao wasingeweza kulipia fundi wa kuwafundisha pembeni, nami naiheshimu kwa hilo. Gharama yake ni kwamba huwa kweli katikati na hupotoka kadiri mwili unavyoondoka katikati.

Wewe huna kizuizi hicho, kwa maana mteja amesimama mbele yako. Tumia hesabu mpya kama mwanzo, kisha isahihishe kwa vipimo viwili vya mwilini. Mbane mteja rula chini ya kwapa, ilale sawa, halafu teremsha futikamba kutoka mfupa wa shingo hadi usawa wa rula. Ongeza sentimita 2, hicho ndicho kina chako. Pima pia mgongo kutoka mkunjo wa mkono mmoja hadi wa pili akiwa ameshusha mikono, gawa kwa mbili, na ongeza sentimita 1 tu kwa kitenge, kwa kuwa hakivutiki. Kipimo cha mwili kikipingana na fomula, fuata mwili. Usisahau kwamba patani mpya ina mkunjo mkubwa wa kifuani, ambao pembe yake, kwa digrii, ni kifua gawa kwa 4 toa 2.5, yaani digrii 23.5 kwa mteja huyu. Ukiuacha, mbele itapanda hata tundu la mkono likiwa sahihi.

Mkono uchore mwishoni, baada ya kupima mzingo wa tundu jipya kwa futikamba iliyosimamishwa ubavu, na usitumie patani ya mkono ya zamani. Blauzi iliyokwisha kukatwa haiwezi kupandishwa kwapa, lakini inaweza kuokolewa: fumua sentimita 8 za mshono chini ya kwapa, upande wa mwili na wa mkono, upachike kipande cha umbo la kashata kilichokatwa mshazari wa kitambaa. Mteja ataweza kuinua mkono bila kiuno cha blauzi kumfuata.