Matunda ya Kuoka na Viungo: Shangazi Anajibu

Juma lililopita niliandika mistari michache tu hapa kuhusu ndizi mbivu na nanasi, vikaokwa pamoja kwa iliki na mdalasini, bila sukari. Maswali yakaja mengi kuliko mistari yenyewe. Nimeyachagua haya.

Shikamoo shangazi. Nimeipenda hiyo ya ndizi, lakini mimi nina jiko la mkaa na masufuria tu. Oveni naiona kwenye simu. Nifanyeje? (Mama wa watoto watatu, Makorora)

Marahaba mwanangu. Kwani bibi yako alikuwa na oveni? Mkate wa kumimina wa Tanga hii umeiva miaka yote kwa makaa, moto juu na moto chini. Wali wa nazi tunaupalia vilevile. Basi na matunda tuyapalie.

Chukua sufuria nzito, ipake kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Menya ndizi mzuzu tatu zilizoiva mpaka ganda limeanza madoa meusi, zikate mshazari, unene wa kidole. Nusu nanasi likate vipande vidogo. Panga ndizi chini, nanasi juu yake. Twanga iliki sita, nyunyiza pamoja na nusu kijiko cha chai cha mdalasini na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kwaruza ganda la chungwa moja humo, kisha likamulie lote. Kama umepata la Muheza lenye ganda la kijani usilitilie shaka: huku kwetu joto halishuki sana usiku, chungwa linaiva ndani na nje linabaki kijani.

Sasa moto, na hapa ndipo wengi wanapounguza. Makaa ya chini yawe machache na yafunikwe majivu. Ya juu, kwenye mfuniko wa bati au sinia kuukuu, yawe kama mara mbili ya hayo. Ukiona harufu ya kuungua inakuja haraka, kosa ni la chini, punguza huko. Acha dakika 25 hadi 30 bila kufunuafunua, maana kila ukifunua joto linatoka na majivu yanaingia. Mlango na dirisha viwe wazi. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Mwenye oveni aweke digrii 180, nusu saa inamtosha.

Zikishalainika na kushika rangi ya dhahabu pembeni, mimina nusu kikombe cha tui zito, funika dakika tano tu, epua.

Na yale machicha uliyokamulia tui usiwape kuku kwanza. Yakaange makavu kwenye kikaango, moto mdogo, ukigeuza mpaka yawe rangi ya kahawia na yanukie. Changanya na kiganja cha korosho zilizopondwa, nyunyiza juu wakati wa kula. Chini laini, juu pa kutafuna. Wanangu mimi wanagombea hayo machicha kuliko ndizi zenyewe.

Shangazi, mume wangu ana kisukari. Nikiweka asali badala ya sukari si itakuwa salama? Na nasikia mdalasini unashusha sukari mwilini. (Chumbageni)

Asali ni sukari iliyovaa kanzu. Ina harufu yake nzuri, lakini mwilini inahesabiwa palepale. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaweka kapu moja sukari tunayoongeza, asali na hata juisi ya matunda: vyote pamoja visifike sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayoipata kwa chakula cha siku, na ni bora zaidi vikibaki chini ya nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Hiyo ni kwa watu wote, hata asiye na kisukari. Sasa hesabu vikombe viwili vya chai ya asubuhi jinsi tunavyovikoroga sisi watu wa pwani, halafu uniambie vimebaki vijiko vingapi.

Kwa mzee, badilisha tunda. Ndizi inavyozidi kuiva ndivyo wanga wake unavyogeuka sukari, kwa hiyo zile za madoa meusi si zake. Muokee mapera: yakate nusu, toa mbegu, weka punje moja ya karafuu katika kila nusu na maji ya ndimu, dakika 20 zinatosha. Mapera yana nyuzinyuzi nyingi na hayahitaji kuongezwa utamu. Mpe machicha juu, na apakuliwe kwenye kibakuli cha kahawa, si sahani ya pilau. Tende nazo usimfiche humo ukidhani hazihesabiki.

Mdalasini, mpe kwa ladha. Dawa si hiyo. Nimewaona watu wanakunywa unga wake kwa vijiko kila siku, na ule mdalasini wa gamba nene una kemikali inayoweza kuumiza ini ukizidi. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoandikiwa, na kiasi cha matunda muulizane na kliniki yake, wanaomjua vipimo vyake.

Nimenunua viungo vya unga vya pakiti, nikaweka kijiko kizima, hakuna harufu. Nimeibiwa? (Kijana anayeishi peke yake, Mabanzini)

Hukuibiwa, umenunua maiti. Harufu ya kiungo ni mafuta yake, na mafuta hayo yanaanza kuruka tangu kiungo kinaposagwa. Pakiti iliyokaa dukani miezi kadhaa, pengine juani, imebaki vumbi la rangi.

Nawe unaishi Tanga! Milima ya Amani hiyo hapo, na huko ndiko iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinakotoka mpaka sokoni Ngamiani. Nunua vizima. Iliki iwe na ganda la kijani, ukilipasua ukute mbegu nyeusi zenye unyevu kidogo. Zikiwa kavu na za kahawia, mrudishie. Mdalasini uvunje kipande ununuse palepale, muuzaji mzuri hakasiriki. Nyumbani weka kwenye chupa yenye mfuniko, mbali na jiko, utwange siku ya kupika. Kinu kidogo cha mbao kinakutosha maisha.

Kiasi: iliki ndiyo bibi harusi, mwachie kiti. Mdalasini unamfuata. Karafuu punje mbili au tatu kwa sufuria nzima, ukizidisha chakula kinanuka kwa daktari wa meno, na si utani, mafuta ya karafuu ndiyo wanayoyatumia. Kungumanga ikwaruze mara tatu nne tu uishie hapo, kwani nyingi ni sumu. Tangawizi mbichi nzuri sana kwa nanasi, lakini kwa ndizi mimi naiona inaleta ugomvi. Wengine watabisha.

Langu limetoka mchuzi. Nanasi limejaa maji na tui limekatika mabongemabonge. (Bila jina, Pangani)

Uliweka tui mwanzoni. Uchachu wa nanasi ukikutana na tui kwenye moto mkali, tui linakatika. Tui ni la mwisho, moto ukiwa umeshatulia.

Na nanasi lichuje. Likate, liweke kwenye chujio nusu saa, maji yake kunywa. Au lioke peke yake dakika kumi kabla ya kuongeza ndizi. Likishapata moto hata ule ukali unaokwaruza ulimi unapungua, maana kimeng'enya chake kinakufa kwa joto.

Mapishi yote ya kwenye video yanataka matufaa. Nikatafuta matufaa, nikaoka, yakawa kama sponji! (Msichana wa kidato cha tatu, Raskazone)

Nimecheka mpaka machozi, nisamehe mwanangu. Wewe umeoka matufaa yetu, yale mekundu yenye nyama nyeupe nyepesi, yanayonukia waridi. Yale yamejaa maji, ya kula mabichi na chumvi. Wale wa kwenye video wanasema tufaa la kizungu, apo, lile la kuhesabiwa mojamoja dukani. Ni miti tofauti kabisa, hata ukoo hawana.

Usihangaike na apo la kusafirishwa meli nzima. Embe bichi lililoanza tu kuwa njano linakaa mahali pake vizuri: gumu, lina uchachu, halirojeki. Mdalasini na karafuu vinalipenda. Na ndugu wa Lushoto wakishusha peasi na plamu, hizo zioke na ganda lake.

Mjukuu wangu ana miezi minane. Nimpakie asali kidogo juu ya ndizi iliyookwa? (Bibi, Ngamiani)

Shikamoo bibi. Hapana. Asali hapewi mtoto kabla hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kidoleni, hata iliyopikwa. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia, na vinamlegeza mwili mzima. Ndizi yenyewe mponde, umtolee pembeni kabla ya kuweka chumvi na karafuu. Utamu uliomo unamtosha.

Sina friji. Yakibaki? (Makorora tena)

Yenye tui yasilale. Kwa joto letu hili yakipikwa mchana, jioni yameshaanza kuchacha. Kama unajua yatabaki, gawa kabla ya kumimina tui: ya leo yatie, mengine yafunike, uyale asubuhi na chai ukishayapasha mpaka yachemke. Machicha yaliyokaangwa yakakauka vizuri yanakaa kwenye kopo siku nne tano. Kwangu hayajawahi kufika ya pili.