Maswali na majibu: Mashine ya betri ya kufungulia nati

Nina gereji ndogo Njiro, na magari yangu mengi ni Noah, Corolla na RAV4. Muuzaji ananishawishi nichukue mashine ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha nati) 1,000. Je, ninaihitaji?

Huihitaji. Nati ya gurudumu la Noah au Corolla hukazwa kwa nyutoni-mita 103, na hata ikishikwa na kutu, mashine ya nusu inchi (upana wa ncha inayoshika soketi) yenye uwezo wa kufungua wa 400 hadi 600 huimudu. Kabla ya kulipa, soma kwenye boksi kama namba iliyoandikwa ni ya kukaza au ya kufungua, kwa sababu ya kufungua ndiyo kubwa zaidi na ndiyo ambayo wauzaji hupenda kuitaja. Chagua pia yenye ngazi kadhaa za nguvu na mota isiyotumia brashi, maana ile yenye brashi hupata joto haraka zaidi na brashi zake huisha.

Hukuniuliza, lakini nitasema: mashine hii ni ya kufungulia. Nilipokea Noah ambayo bolti mbili za gurudumu la mbele zilikuwa zimekatika, na ya tatu shingo yake ilikuwa imevutika hadi nati haipandi tena kwa vidole. Dereva alieleza kwamba siku chache kabla yake alibadilisha tairi, na kijana aliyemhudumia alizikaza kwa mashine mpaka nati zikagoma. Kijana yule hakuwa na namna ya kujua amekaza kwa kiasi gani, kwa kuwa mashine ya aina hii hupiga nyundo tu, haipimi. Anza kila nati kwa vidole, izungushe kwa mashine katika ngazi ya chini kabisa, shusha gari, kisha malizia kwa spana ya toki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, ukivuka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, na umwambie mteja arudi nati zikaguliwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikiwa fedha zako zinatosha mashine ya bei kubwa bila spana ya toki, nunua mashine ya bei ndogo pamoja na spana hiyo.

Ipi ina nguvu zaidi, ya volti 18, 20 au 88?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na ninaomba safari hii lisomwe kwa makini. Seli tano za lithiamu za volti 3.6 hufanya volti 18, na zikijaa chaji hufika 20 au zaidi kidogo. Kwa hiyo 18 na 20 ni betri ileile. Ile iliyoandikwa 88 niliifungua mezani kwangu, na ndani nikakuta seli tano. Angalia ampea-saa (Ah), yaani kiasi cha chaji ambacho betri hubeba, badala yake: chukua betri ya 4 au 5, kwa kuwa ndogo ya 2 huishiwa nguvu pale nati inapogoma.

Naweza kutumia drili yangu?

Hapana, nati ikigoma, kitakachozunguka ni mkono wako.

Soketi zangu za kawaida zinazong'aa zitafaa?

Hazifai, kwa sababu hupasuka zikipigwa na vipande vyake huruka usoni. Nunua nyeusi za kazi hiyo, ukianza na namba 17, 19 na 21, na uvae miwani.

Mimi ni dereva wa watalii Arusha. Niende nayo Serengeti?

Nenda nayo, lakini usiache nyumbani spana ya magurudumu. Betri iweke ndani ya boksi lisiloingiza vumbi, mbali na jua la dashibodi, na ukilala ukingoni mwa Ngorongoro ingia nayo ndani, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu yake asubuhi.

Nimepata ya mtumba kutoka Japani, Moshi mjini. Ni salama?

Mashine yenyewe haina tatizo, ila chaja ya huko ni ya volti 100, na ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 itaungua papo hapo. Tafuta chaja ya hapa inayolingana na betri hiyo, na usitoe fedha kabla hujaiona ikifungua nati ya gari mbele yako, si ikizunguka hewani.