Umemaliza msingi wa Java? Jaribu 127, kisha 128

Juzi msomaji mmoja anayejifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ameniandikia: "Kaka, msingi wa Java nimeumaliza kwa wiki mbili. Sasa niingie Spring au nianze programu za simu?" (Spring ni mkusanyo wa zana za kujengea programu kwa Java.) Ujumbe huo umenigusa kwenye kidonda. Maneno kama hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na yaliniponza nikapoteza kazi.

Nilikuwa nimepewa kutengeneza programu ya kumbukumbu za wateja wa kampuni moja. Kila mteja na namba yake, na namba zote nilizihifadhi kwa aina ya Integer. Kujua kama malipo fulani ni ya mteja fulani, nililinganisha namba mbili kwa alama ya ==. Nikajaribu kwa wateja 50 wa kubuni, mambo yakaenda sawa. Nikaikabidhi kifua mbele.

Kampuni ilikuwa na wateja zaidi ya 300. Kuanzia wa kwanza hadi wa 127, malipo yalionekana. Kuanzia wa 128, hakuna hata mmoja aliyeonekana amelipa, na watu walikuwa wamelipa kweli! Nikasema kompyuta yao ina kasoro. Nikaihamishia kwenye mashine nyingine ya Windows, kisha kwenye ya Linux. Jibu lilelile. Mkuu wa kitengo akaniambia mbele ya wenzake, "Wewe msingi huna." Kazi akapewa mtu mwingine. Sijasahau sauti yake mpaka leo, ingawa alichosema kilikuwa kweli.

Haya, fungua faili uandike hivi:

Integer a = 127, b = 127;
System.out.println(a == b);

Utapata true. Sasa badilisha zote mbili ziwe 128, uendeshe tena. Utapata false. Ukiandika a.equals(b), utapata true mara zote mbili.

Sababu ni hii. Kigeu, yaani jina linalobeba thamani kwenye programu, kikiwa cha aina ya int hubeba namba yenyewe. Kigeu cha aina ya Integer hubeba njia ya kuifikia objekti, yaani kitu kilichoundwa na programu, iliyoko kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa Integer, alama ya == inauliza kama vigeu viwili vinaelekea objekti moja, wala haiangalii kilichomo ndani. Java nayo huandaa mapema objekti za namba kuanzia -128 hadi 127 na kuzitumia tena na tena, kwa hiyo 127 zako mbili ni objekti ileile. Ukivuka hapo, kwa kawaida kila moja huundwa upya. Wateja wangu 50 wa kubuni walikuwa wote ndani ya uzio huo.

Ndiyo maana nasema kujua for na if si kumaliza msingi. Klasi ni maelezo ya kitu. Objekti ni kitu chenyewe, kilichoundwa kwa new. Ukiandika Mteja m2 = m1; hujapata mteja wa pili, umempa yuleyule jina la pili. Badilisha simu ya m2, na ya m1 imebadilika. Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, halafu wanahangaika miezi.

Na kule kuhamahama na mashine kulinifunza jambo ambalo nilikuwa nalikariri tu: programu ya Java hufanya kazi ileile kwenye mashine tofauti. Timu ya James Gosling pale Sun Microsystems ilianza kazi ya kuunda lugha hii mwaka 1991 ikilenga vifaa vya kielektroniki vya nyumbani, vyenye prosesa za kila aina, na Java ikatangazwa rasmi mwaka 1995. Faili yako ya .java hupitishwa kwenye javac, programu ya kuitafsiri, ikawa .class, yaani baitikodi, msimbo usiofungwa na aina moja ya kompyuta, na mashine pepe ya Java, programu iliyowekwa kwenye kompyuta husika, ndiyo inayoiendesha. int ni biti 32 popote, na kikomo chake cha juu ni 2,147,483,647 popote. Basi na kosa langu lilisafiri salama salmini. Kwenye Java, jibu likiwa bovu kwenye mashine tatu tofauti, kagua ulichoandika wewe kabla ya kuilaumu kompyuta ya mtu.

Leo programu zangu zinatumika na watu nisiowajua, na najivunia hilo. Kila nikikagua msimbo wa kijana, jicho langu hukimbilia == kwanza. Jifunze msingi, ndugu. Rudia msingi. Usione aibu kurudi nyuma.

Nawe uliyeniandikia, Spring haikimbii. Andika klasi ya Mteja, unda objekti mbili zenye jina na simu zilezile, uzilinganishe kwa ==, kisha kwa equals. Utashangaa: safari hii equals nayo itakupa false. Ukishajua kwa nini, na umeandika equals yako mwenyewe ndani ya Mteja mpaka jibu likawa true, niandikie tena tuzungumze Spring.