Wa kwanza nilimchagua kwa dakika kumi

Swali lenu la wiki hii, "Mbwa wako mpya ulimchagua vipi na unamtunzaje?", limenikuta nimekaa kibarazani natoa kupe kwenye masikio ya mbwa, nikasema ngoja nijibu. Nakaa Goba, Dar es Salaam, nina watoto wawili, na mbwa nimechagua mara mbili maishani. Wa kwanza nilimchagua kwa dakika kumi, wa pili ilinichukua karibu mwaka.

Ilianza na kuku. Tuliibiwa kuku kumi na moja usiku mmoja, asubuhi mume wangu akasema leo leo mbwa anaingia humu ndani, na kweli jioni tukasimamisha gari kwa kijana mmoja anauza watoto wa mbwa pembeni ya barabara, wanne kwenye boksi moja juani. Akatuambia ni jemani shepadi kabisa, baba yake mbwa wa polisi (kila mbwa anayeuzwa barabarani baba yake ni mbwa wa polisi, sijui huyo baba kazi anafanya saa ngapi). Tukatoa laki moja na nusu. Hatukuuliza mama yake yuko wapi, hatukuuliza ana wiki ngapi, chanjo ndo kabisaa haikutajwa, mi nilichoangalia ni masikio na mwanangu wa mwisho aliangalia nani kamlamba mkono. Tukamwita Simba, kama mbwa wa kila mtu.

Siku ya tano Simba akagoma kula. Siku ya sita akaanza kutapika, usiku wake akaanza kuhara damu, na ile harufu ukishaisikia mara moja hutauliza tena ni nini. Dokta wa mifugo alipofika akamfungua mdomo akaangalia meno, akasema huyu hana hata wiki sita, katolewa kwa mama yake mapema, mbwa anatakiwa akae na mama na ndugu zake angalau wiki nane, na hiki alichonacho ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akamtundikia dripu tukakesha naye sebuleni. Siku ya tisa akafa. Watoto walilia wazi wazi, mi nikaenda kulilia bafuni maana mtu mzima unaanzaje kumlilia mbwa mbele ya dada wa kazi.

Mume wangu akataka tukachukue mwingine wikendi ileile, dokta akamkatalia, na sababu aliyotoa ndo iliyobadilisha kila kitu. Virusi vya parvo havifi kirahisi, kwenye udongo wa kivulini vinaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka. Kibaraza tulikimwagia Jik iliyochanganywa na maji, sawa, lakini uwanja mzima utaumwagia Jik gani, na Simba kaharia chini ya mwembe pale pale ambapo hapapati jua. Akasema mkileta mtoto mwingine ambaye hajamaliza chanjo zake mnamleta kumzika. Kama mnataka mbwa karibuni, tafuteni mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, kama mnataka mtoto, subirini.

Mbwa mkubwa? Sikuwa nimewahi kuwaza hilo. Huku kwetu kila mtu anataka mtoto, tena dume, tena mwenye jina la kizungu, na wote waliniambia mbwa mkubwa hazoei kwa watu, atarudi kwao. Lakini kusubiri kulitupa muda wa kuulizana mambo ambayo tungeulizana kabla ya kusimamisha gari. Mchana nani yupo nyumbani? Desemba tukienda Moshi wiki mbili nani atamlisha? Na dokta alimuuliza mume wangu swali moja likamnyamazisha: unataka mbwa anayebweka au anayeng'ata? Maana mwizi wa kuku saa nane usiku anaogopa kelele, taa zikiwaka na majirani wakiamka yeye keshakimbia, ila mbwa anayeng'ata atakuja kumng'ata mtoto wa shemeji yako siku ya kipaimara. Mume wangu akasema basi anayebweka.

Jemani akafia hapo hapo kwenye mjadala. Ni mbwa mzuri sikatai, lakini ana manyoya mazito kwa joto hili la Dar, anakula sana, wengi wao wanasumbuliwa na nyonga, na anataka mtu wa kumfundisha na kumshughulisha kila siku, sisi saa kumi na moja asubuhi tunagombania daladala. Tukaamua kienyeji. Ila niseme ukweli, wale wanaosema mbwa wa kienyeji haugui wanadanganya, anaugua vizuri tu, ni vile wanaokufa wakiwa wadogo hakuna anayewahesabu, tunawaona waliobaki tunasema ona wagumu hawa.

Miezi kama kumi ikapita. Mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani anakaa Madale akahamishiwa Dodoma na kule amepata nyumba ya kupanga isiyoruhusu mbwa, ana jike la miaka miwili, kahawia, miguu minne yote nyeupe kama kavaa soksi. Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza kwa ahadi, na kwa ahadi kila mbwa ni mzuri. Mara ya pili sikutoa taarifa, nikafika jioni muda wa chakula, nikataka kuona mtoto akipita karibu na bakuli lake anafanyaje: aliinua macho, akaendelea kula. Nikaangalia pia akisikia bodaboda anaruka au anabweka tu. Mara ya tatu nikaenda na wanangu na kumwomba mwenye mbwa aingie ndani atuache naye. Nikamshika masikio, nikamshika makucha, nikamfunua midomo, fizi zake za pinki safi. Na kadi ya chanjo ipo, imegongwa muhuri, ya kichaa na ile ya parvo na wenzake. Dume la nyumba ya pili nililooneshwa siku hiyohiyo lilikuwa zuri kuliko yeye, ila limefungwa mnyororo tangu lina miezi mitatu na likiona mtu linajinyonga kumfikia. Sikuwa na uwezo wa kulirekebisha na sikujidanganya kwamba ninao.

Tatizo likawa jina. Mwenzangu alikuwa na ugomvi na majirani zake wa Madale, si mnajua watu wanavyopitishia maneno kwa mbwa, akampa jina Hayawahusu. Sasa mi niko Goba, mgeni kwa mbwa, sina ugomvi na mtu, siku ya kwanza nasimama getini saa moja asubuhi napaza sauti HAYAWAHUSU! HAYAWAHUSU NJOO! na jirani yangu anafagia. Nikaenda kuomba radhi nyumba mbili. Tukakata jina likawa Haya, ambalo nalo lina shida zake, kwenye nyumba ya Waswahili neno haya linasemwa mara mia kwa siku, mtu akimaliza kuongea na simu tu mbwa huyo mlangoni.

Wiki ya kwanza hakuachiwa uwanjani peke yake, alitoka na kamba, nikizunguka naye ukuta mzima mpaka aujue. Mtu wa kumlisha alikuwa mmoja tu, mimi, kwa saa zilezile. Usiku wa kwanza na wa pili alilia, wa tatu akalala. Siku ya nne mtoto akaacha geti wazi akatoka mbio nyuma ya boda, nikajua ndo amerudi Madale, baada ya robo saa akarejea mwenyewe na kiatu kimoja cha mtu ambaye mpaka leo hajajitokeza.

Chakula najua watu watanibishia. Ugali mtupu sio chakula cha mbwa, ni kushibisha. Wa kwangu anakula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, au mapafu na utumbo kutoka kwa mwenye bucha, na hayo mapafu na maini nachemsha mpaka yaive kabisa kwa sababu mabichi yanaweza kuwa na vifuko vya mabuu ya tegu, mbwa anaambukizwa halafu kinyesi chake kinawaambukiza watoto. Kitunguu siweki, chumvi siweki, mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi maana inapasuka vipande vikali. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu na siku hiyo na sisi tunakunywa za kwetu, huo utaratibu wa nyumba yangu.

Kupe ndo vita ya Dar isiyoisha. Jirani mmoja alimwogesha mbwa wake na dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoipimia macho, ng'ombe ana kilo mia tatu, mbwa ana kumi na nane, yule mbwa alitetemeka siku nzima. Nunua ya mbwa, kwa uzito wa mbwa. Na ukiona mbwa amepoa, hali, fizi zimekuwa nyeupe, usisubiri Jumatatu, kupe wanaleta homa inayomaliza damu.

Kizazi tulimfunga mwezi wa pili tu alipofika kwetu. Mume wangu alisita, akaona ni kama kumwonea. Nikampigia hesabu: jike anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka, mimba ni siku 63, anaweza kuzaa sita au nane, hao wote nitawapeleka wapi kama sio kwenye boksi pembeni ya barabara? Alisaini siku hiyohiyo.

Mzee wangu wa nyumba ya tatu ni mtu wa msikitini, mate ya mbwa kwake ni najisi, chombo kikilambwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, nilimfuata mapema nikamuuliza anapita saa ngapi. Kwa hiyo Haya hatembezwi wakati wa alfajiri wala magharibi na barabara ya msikiti hatupiti. Mzee mwenyewe akaniambia mbwa wa ulinzi hajakatazwa, alichokuwa anachukia ni wale wanaoachiwa wanazurura.

Hata bila kuzurura, siku moja yalitukuta. Mtoto wa jirani alikuwa anacheza na Haya uwanjani wakigombania mpira, jino likamkwaruza mkononi, damu ikatoka. Watu wakaanza kutafuta mafuta ya taa na pilipili, nikasema hapana, bomba na sabuni, dakika 15 naangalia saa, maji yanatiririka, mtoto analia na mi namshikilia. Halafu hospitali, na kadi ya mbwa mkononi. Daktari aliisoma, akaamua mtoto aanze sindano na mbwa achungwe siku 10, kama ni mzima baada ya hizo siku basi hakuwa na kichaa siku ile. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza mtu haponi, kwa hiyo sikubishana hata kidogo na gharama nililipa mimi. Siku kumi zile nilikuwa namhesabia Haya mpaka anavyokunywa maji. Mama wa mtoto aliniambia baadaye kilichomtuliza ni ile kadi. Hakuuliza mbwa ni wa aina gani.

Sindano yake ya kichaa tumeipanga kila tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, haisahauliki na sehemu nyingine wanachanja bure wakati huo. Mume wangu saivi ameanza maneno ya kumtafutia Haya mwenzake, dume, mtoto, amemwona mahali. Nimemwambia aniambie kwanza mama yake anafananaje, na Desemba nani atabaki kuwalisha.